Shemeji Alichukia Moshi

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa na pikipiki ya matairi manne ya kuzungukia shamba lake kule Mtera. Injini yake ilikuwa ya kuchanganya petroli na oili, kwa hiyo ilikuwa lazima itoe moshi. Yeye moshi aliuona aibu. Kabureta zake mbili, zile zinazochanganya petroli na hewa, zilipochakaa, aliniletea gereji kwangu Kikuyu nimfungie moja ya aina nyingine.

Niliiseti saa saba mchana, jua la Oktoba likichoma. Niliweka jeti ndogo, kile kitundu kinachopitisha petroli, na kwa vile sisi mafundi tunapenda kusifiwa, nikaweka ndogo zaidi. Moshi ukaisha. Shemeji akanikumbatia na grisi yangu yote.

Nilijua kwamba Mtera ni bondeni, na asubuhi ya baridi hewa huko ni nzito. Hewa ikizidi petroli, pistoni inaungua na injini inakwama. Nilijua, nikanyamaza.

Juni, baridi ilipoingia, alinipigia simu. "Shemeji, haitoi moshi hata chembe!"

Nilipaswa kumwambia aizime hapo hapo. Mpumbavu mimi, nikasema asante.

Wiki ile ile, alfajiri, injini ilikwama ghafla akiwa katika mwendo kasi juu ya tuta la mfereji. Pikipiki ilipinduka ikamlalia.

Baada ya mazishi niliifungua plagi. Ilikuwa nyeupe kama unga, alama ya injini iliyokosa petroli.

Siku hizi mteja akilalamikia moshi namfokea. Dada bado anawasimulia wageni jinsi nilivyoitengeneza vizuri ile mashine, hata moshi ilikuwa haitoi.