Shusha Ndoo

Mama yangu hakunikataza ngumi. Watu wakisikia kwamba nilikuwa napigana ngumi za ridhaa pale Iringa, swali la kwanza ni, "Na mama yako alikubali?" utadhani nimewaambia nilikuwa naiba ng'ombe. Alikubali. Alikubali kwa sharti moja, na sharti lenyewe alilitoa jikoni kwetu Ilomba, Mbeya, akiwa anamenya viazi, wala hakuninyanyulia macho.

"Kupigwa utapigwa," alisema. "Wenzio wanapigwa kwenye ndoa zao na hawapewi hata kiti cha kupumzikia. Hilo sina neno. Ila kuanguka sitaki. Siku nikikuona umelala chini, siku hiyo hiyo imekwisha. Unavua hayo magunia ya mikono na unarudi kufuma masweta yako. Tumeelewana?"

Tumeelewana. Ningesema nini? Nilijua anachokiogopa. Kaka yake, mjomba wangu, alianguka kutoka juu ya lori la viazi, gari likiwa limesimama kabisa, hakuna aliyemsukuma wala kumgusa. Alikuwa anafunga turubai, mguu ukateleza, akatua kwa kisogo. Tangu siku ile hakumjua tena dada yake ni nani. Mara amwite shemeji, mara mwalimu, mara amfukuze nje kama mwizi. Mama alimlisha kwa kijiko mpaka tulipomzika. Kwa hiyo ukimtajia ngumi, yeye haoni ngumi. Anaona kisogo na sakafu.

Mimi nilikuwa nimepanga chumba Ipogolo, kule chini kwenye barabara kuu ya malori, mji wa Iringa ukiwa juu yetu mlimani. Nilifuma masweta ya shule kwa mashine, kazi ya kukaa kutwa mgongo umepinda, na ikifika jioni nilikuwa na hasira hata sijui nimezitoa wapi. Nina hasira, sifichi. Klabu ya ngumi ilikuwa nyuma ya gereji: sakafu ya saruji, begi moja la matambara na mchanga, na kocha mmoja Mhehe, mtu mzima mpole wa maneno, mwenye pua iliyokwisha kukubali matokeo. Siku ya kwanza alinisalimia, "Kamwene," akaniambia nisimame nimwoneshe ninavyopigana.

Nikasimama, nikakunja ngumi, nikatupa mbili tatu hewani. Akanizunguka taratibu.

"Umetokea Mbeya wewe?"

"Umejuaje?"

"Una ndoo kichwani."

Weee! Klabu nzima ikaangua kicheko, na mafundi wa gereji nao wakachungulia ukutani. Nilitaka nimpige yeye kocha. Lakini alikuwa amesema kweli tupu. Kwetu Ilomba nimebeba maji tangu sijaota meno ya ukubwani, kisha nikahamia kwenye debe la viazi, kupanda na kushuka. Mtoto wa kike anafundishwa kubeba: shingo iwe wima, kidevu juu, macho mbali, mabega yatulie, kiuno na miguu vitembee peke yao huko chini. Nikiinama kidogo tu, mama alikuwa ananichapa kofi la mgongo. Watu walinisifia mwendo na yeye alikuwa anajibu kwa maringo, "Hiyo shingo nimeitengeneza mimi."

Sasa nenda na shingo hiyo ulingoni. Kidevu kiko juu, kinasubiri mtu. Tena kibaya zaidi ni kwamba aliyebeba ndoo hachezeshi mwili wake wa juu hata kidogo, maji yatamwagika. Kwa hiyo nilipotupa ngumi, mkono ulitoka peke yake, mwili mwingine wote ukabaki nyumbani unalinda maji. Nililipiga lile begi mpaka bega likauma, na begi halikujua kama kuna mtu.

"Shusha ndoo!" Ndiyo niliyoisikia kila jioni. "Kidevu ndani. Magoti yalegee. Mguu wa kushoto mbele, wa kulia nyuma, kisigino cha nyuma kinyanyuke kidogo, lakini vidole vibaki vimeng'ang'ania chini. Uzito uwe katikati. Shusha ndoo, binti!" Mafundi wa gereji wakalidaka jina. Nikipita asubuhi kwenda kazini nasikia chini ya gari, "Dada Ndoo, za asubuhi?" Nilikuwa nawajibu vibaya, tena vibaya sana, nao wanafurahi.

Kuelewa kwenyewe nilikuja kuelewa Kilolo, msibani. Mama niliyekuwa namfumia masweta alifiwa na mkwe wake, tukaenda kumzika. Kule huendi msibani ukakaa kama mgeni. Nikapewa mwiko, na mbele yangu sufuria la ugali wa watu wote wale. Nikaanza kusonga kwa mikono, kwa nguvu zangu zote. Ugali ukanikatalia. Mama mmoja wa makamo aliyekuwa anashikilia sufuria akanitazama mpaka akachoka.

"Wewe binti, unasonga au unawapungia watu mkono?"

"Nasonga, mama."

"Mabega hayasongi. Rudisha mguu nyuma, kanyaga, halafu sukuma na nyonga. Mikono inashika mwiko tu."

Nikarudisha mguu. Nikakanyaga. Nguvu ikaanzia kwenye vidole vya mguu wa kulia, ikapanda gotini, nyonga ikageuka, bega likafuata, na mwiko ukazama ndani ya ugali kama umeitwa. Na kidevu? Kidevu nilikuwa nimekiinamisha mwenyewe bila kuambiwa, kwa sababu ya moshi. Nikabaki nimesimama pale nacheka peke yangu, msibani, watu wamevaa khanga viunoni wananitazama. Ikabidi nipanguse macho nijifanye moshi umenizidi.

Jioni ya kurudi Ipogolo nilikwenda moja kwa moja kwenye begi. Mguu, goti, nyonga, bega, ngumi mwishoni. Begi likatoa mlio ambao sikuwahi kuusikia kwangu, mlio mzito na mfupi. Kocha aliyekuwa anafunga kamba za viatu akainua kichwa.

"Nani kakufundisha hiyo?"

"Wamama wa Kilolo."

"Warudie tena," akasema.

Kuanzia hapo nikaipenda ngumi kwa kweli. Zile jioni ndizo zilikuwa zangu. Kutwa nilikuwa mtu wa mashine na uzi, lakini ikifika jioni nilikuwa na mwili mzima, kuanzia unyayo hadi ngumi, na mwili huo ulikuwa unanisikia. Sikutaka mtu aninyang'anye hilo. Nililala nikilifikiria lile sharti la mama na nilikuwa naliogopa kuliko mpinzani yeyote.

Maana ugonjwa mmoja ulibaki, na dawa yake si mwiko. Nikikasirika, naifuata ngumi. Yaani ngumi ikishatoka, mimi nami natoka nayo, mguu wa nyuma unang'oka chini, naelea mbele kwa mguu mmoja. Kocha alikuwa ananisogelea, ananigusa bega kwa kidole kimoja, nami nayumba mpaka ukutani.

"Ngumi ukiituma, usiisindikize," alikuwa ananiambia. "Hujui kusindikiza? Mgeni mwingine unamsindikiza mpaka njia panda. Huyu muage mlangoni. Wewe baki kwako."

Basi ikatangazwa siku ya mapambano, Jumamosi mchana, ukumbi wa shule moja pale Iringa mjini, na mpinzani wangu binti kutoka Songea. Nikampigia mama simu nikitumaini atasema kuna mambo ya kanisani. Akasema anakuja. Tena akaomba namba ya kocha, akampigia mwenyewe. Sijui walizungumza nini, ila kocha aliniongezea mazoezi ya miguu.

Alifika Ijumaa na mfuko wa parachichi. Jumamosi asubuhi nilikuwa uani najinyoosha, napigana na kivuli, mama amekaa kwenye kigoda ananitazama.

"Mbona umejiinamia hivyo?" akauliza. "Kama mtu aliyeshikwa na mali ya watu."

"Ndivyo inavyotakiwa, mama."

"Shingo yote ile." Akatikisa kichwa, akachukua parachichi akaanza kulimenya. Nilimwonea huruma. Nilikuwa nimeitupa kazi yake ya miaka mbele ya macho yake.

Ukumbini alikaa mstari wa mbele, kitenge cha kanisani, mkoba mapajani. Nilivaa ile kofia ya kukinga kichwa, nikapanda ulingoni. Binti wa Songea alikuwa mfupi, mtulivu, hana maneno. Raundi ya kwanza nilipigana vizuri, nasema mwenyewe. Kidevu ndani, miguu chini, mkono wa kushoto unatoka na kurudi. Kila nilipotupa wa kulia nilizisikia nyonga zangu. Kocha kwenye kona alikuwa anapiga kelele neno moja tu, "Mguu wa nyuma! Mguu wa nyuma!" na ukumbi mzima ulimsikia.

Raundi ya pili akanipata puani. Si ngumi kubwa. Ila pua ina mambo yake, machozi yakanitoka, na mtu mmoja huko nyuma akacheka. Jamani, kicheko kile! Yule mchekaji sikumwona, kwa hiyo nikaamua nimlipizie kwa huyu aliye mbele yangu. Nikaituma ya kulia kwa hasira zangu zote, nikaisindikiza. Mguu wa nyuma uking'oka najua, nausikia, na siwezi tena kuurudisha. Binti wa Songea akainama, ngumi yangu ikapita hewani na mimi nyuma yake, naye akanigusa pembeni ya taya kwa kushoto. Kunigusa tu. Chini yangu hapakuwa na kitu cha kushikilia.

Nikaona taa za darini. Sakafu ilikuwa ngumu mgongoni, kisogo kikafuata taratibu kwenye ile kofia, na jambo la kwanza lililonijia halikuwa maumivu. Lilikuwa: mama ameona. Mwamuzi alikuwa ananihesabia usoni kwa vidole. Nikageuka, nikapiga goti, nikasimama kabla hajamaliza. Akanitazama machoni, akanipangusa glovu, akaturuhusu tuendelee.

Raundi ya tatu nilipigana kwa akili kuliko siku zote za maisha yangu, miguu imegandia chini, kwa sababu nilikuwa najua ndiyo ya mwisho. Nilikuwa naaga. Sikuthubutu kutazama mstari wa mbele. Mwisho mkono ukainuliwa wa binti wa Songea, kwa pointi, na ilikuwa haki yake. Tukakumbatiana, akaniambia pole dada, nikamwambia hongera, na wote tulikuwa tunatoka jasho la kutisha.

Nilimkuta mama pale pale kwenye kiti, watu wanampita. Mkoba aliukumbatia kifuani. Nikachuchumaa mbele yake na glovu zimefungwa kwa kamba shingoni, na kabla sijasema kitu nikaanza kulia kama mtoto.

"Mama, nimeanguka."

"Umeanguka saa ngapi?"

"Raundi ya pili. Nimehesabiwa."

"Mimi sikuona," akasema. "Nilifumba macho."

Nikamtazama. Huyu ni mama asiyewahi kutuambia watoto wake tukamwambie mgeni mlangoni kwamba hayupo. Majirani wote walifanya hivyo, yeye hakuweza, alikuwa anatoka na mikono ya unga anasema nipo ila sitaki kuonana na mtu. Nusu karne ya kanisa. Na sauti yake ilikuwa imekauka kabisa, imekwaruza, sauti ya mtu aliyepiga kelele mpaka ikamwishia.

"Mama, ulikuwa umekaa hapa mbele."

"Nimesema sikuona. Nikuapie?"

"Hapana, mama."

"Haya, simama. Sakafu baridi hiyo."

Akavua mtandio wake, akanifuta jasho na damu ya puani, akautumia upande wa pili kupangusa macho yake mwenyewe haraka haraka. Kisogo changu akakipapasa kwa kiganja, akakibonyeza hapa na pale, akaniuliza jina lake, nikamtajia. Akaniuliza jina la marehemu kaka yake, nikalitaja nalo. Akashusha pumzi. Kocha alikuja kumwamkia, akaitikia vizuri, akamwambia ahsante kwa kazi.

Tukatoka nje, mimi nimembebea mkoba, kijibaridi cha Iringa kinatupiga usoni. Tulipofika getini akasimama, akajifunga kitenge upya, akaangalia pembeni.

"Ila mwanangu," akasema, "ule mguu wa nyuma ulikuwa unaupeleka wapi?"