Aproni ya Mama Wavinya na Mwewe wa Parklands

Kila siku ya shule, saa nne kasoro dakika kumi, Mama Wavinya hutoka kwa mlango wa nyuma wa jikoni, huvua aproni yake iliyojaa unga, na kuikung'uta mara tatu kuelekea ukutani. Kisha huivaa tena, hukaza kamba, na kurudi ndani kupanga mandazi kwenye sinia. Tabia hiyo aliipata ujanani, alipokuwa mpishi katika nyumba moja hapa hapa Parklands, kwa bibi wa Kihindi ambaye hakukubali chakula kiletwe mezani na mtu mwenye unga kifuani. Bibi alishafariki. Aproni bado inakung'utwa.

Jina lake ni Nzula Musili, lakini shuleni kwetu kila mtu humwita kwa jina la binti yake wa kwanza. Huu ni mwaka wake wa kumi na tisa jikoni. Mandazi yake yana iliki, nayo huliwa uwanjani, kwa kuwa chakula hakiruhusiwi darasani kwa sababu ya panya. Wanaoyapenda si watoto tu. Juu ya mkaratusi ulio nyuma ya vyoo hukaa mwewe kadhaa, wawili wao wana kiota, na muhula uliopita kilikuwa na makinda mawili.

Mwewe wa kwao Kitui, Mama Wavinya husema, ukiinua mkono tu wameshavuka kilima. Hawa wa mjini ni watu wengine kabisa. Wanashuka kimya kutoka nyuma, wanachukua andazi, na mtoto anabaki ameshika hewa. Kwa miaka mingi tulicheka. Kisha siku moja ukucha ulimkwaruza Quincy wa darasa la pili kidoleni, mama yake akaja ofisini, na Mwalimu Virginia, mwalimu mkuu wetu, akaamua mti ukatwe.

Mama Wavinya aliingia ofisini akiwa na unga hadi viwikoni. Aliyaombea makinda, ambayo yalikuwa hayajaweza kuruka. Mwalimu Virginia alimsikiliza, akampa wiki moja. Wenye msumeno wangekuja Ijumaa alasiri. Ikiwa kufikia hapo watoto watakuwa wamekula kwa amani siku tatu mfululizo, mti ungebaki.

Tulidhani mwewe huitwa na kengele ya mapumziko, kwa hiyo Jumatatu haikupigwa. Walimu waliwatoa watoto kwa kunong'ona. Mwewe walikuwa wameshafika. Jumanne mapumziko yalisogezwa mbele nusu saa, na mwewe nao wakasogea. Ochola, soja wa lango, alifurahi kupita kiasi.

"Mama Wavinya, wageni wako wana saa nzuri kushinda ya serikali."

"Na hawalali kazini kama wewe," alijibiwa.

Mimi hutunza maktaba ghorofani, na dirisha langu linatazama jikoni. Nilikuwa nimesoma kwamba ndege waliohamia mijini huwa wepesi wa kujifunza mambo yetu, kwa kuwa riziki yao iko mikononi mwetu. Jumanne hiyo niliyaona kwa macho. Aproni ilipokung'utwa mara ya tatu, vichwa vyote juu ya mkaratusi viligeuka, na mabawa yakafunguka. Hawakuwa wakingoja kengele. Walikuwa wakimtazama mpishi.

Mchana nilishuka jikoni, nikangoja Ochola aondoke na chai yake, nikamweleza Mama Wavinya. Aliitazama aproni kifuani mwake.

"Kumbe ni mimi nimekuwa nikiwaita," akasema, kisha akacheka mpaka akakalia gunia la unga.

Jumatano aproni ilibaki msumarini. Alipanga mandazi akiwa amejifunga leso safi, ili bibi yule asimlaumu, na watoto wakala mpaka makombo. Saa nne na dakika arobaini, uwanja ukiwa mtupu, alitoka na aproni akaikung'uta mara tatu. Mwewe wanne walishuka. Walizunguka, mmoja akaokota jani, akaliangusha, wakarudi mtini. Alhamisi walikuja wawili. Ijumaa alikuja mmoja tu, labda kwa heshima.

Alasiri hiyo Mwalimu Virginia aliwarudisha wenye msumeno kutoka langoni. Wiki mbili baadaye kinda la kwanza liliruka, likatua juu ya kibanda cha Ochola na kumwamsha.

Muhula huu Mama Wavinya hukung'uta aproni saa yake ya zamani, lakini upande wa barabarani, ambako mkaratusi hauonekani. Juzi nilimkuta akifunga kamba, huku mwewe mmoja amekaa juu ya waya wa stima, ameinamisha kichwa, anamtazama. Nilikuwa na swali moja tu.

"Mama Wavinya, na wakijua tena?"

"Basi na mimi nitatafuta njia ingine," alisema. "Kwani ni wao peke yao wanakaa Nairobi?"