Kinyonga wa Fundi Cherehani

Fundi cherehani, jirani yetu hapa Pujini, anafuga kinyonga aliyeachwa na marehemu binti yake. Kila asubuhi humtoa juani kwenye tawi la mpera, kisha huyanyunyizia majani maji, kwa kuwa kinyonga hanywi bakulini, hulamba matone. Panzi huwakamata mwenyewe, kwa vidole vilivyojaa alama za sindano. Watu wanamwogopa kiumbe huyo. Wengi wamehamishia nguo zao kwa fundi mwengine.

Juzi nilimkuta kinyonga kageuka mweusi, macho yamezama, na fundi anamdondoshea maji mdomoni.

"Mwache apumzike, fundi," nikamwambia.

Hakuinua uso. "Mwanangu naye mliniambia nimwache apumzike," akasema, akachovya tena kidole majini.