Pesa za Mgonjwa Zilizohesabiwa Mapazia

Saa nne asubuhi, Mama Mapazia amepiga magoti katikati ya kibanda chake, pini tatu kazibana midomoni, kitambaa cha kijani kimetandazwa kutoka mlangoni mpaka ukutani. Anavuta futi, anaweka alama ya chaki, anajinyoosha mgongo huku akiguna, kisha anarudi chini.

Mteja anachungulia na kuuliza pazia lake la sebuleni litakuwa tayari lini. Anaonyeshwa vidole viwili, maana yake siku mbili, kwa kuwa pini haziruhusu maneno. Mteja anaguna na kuondoka.

Mama huyu ana umri wa miaka hamsini na mitatu, na zaidi ya ishirini kati ya hiyo ameimaliza juu ya cherehani. Mume alishatangulia mbele ya haki. Watoto wana miji yao. Kibanda hiki ndicho kinachompa kula, kulala na heshima yake mtaani, na mwaka huu nusura kifungwe.

Hakukosa wateja. Hakuibiwa. Kodi ya pango hulipa kabla mwenye nyumba hajakohoa. Kilichotaka kumfungia mlango ni wema wa ndugu zake mwenyewe, na ukimsikia anavyousimulia unachoka pamoja naye.

Mwaka juzi kaka yake mkubwa, fundi bomba aliyestaafu, aliugua moyo. Madaktari wakasema ni upasuaji, na haraka. Ukoo ukakutana, watu wakaahidi, na swali likawa moja tu: pesa apelekewe nani? Hapakuwa na mjadala. Namba ya Mama Mapazia kila mtu alikuwa nayo, na mkono wake haujawahi kusingiziwa hata senti. Michango ikaanza kumiminika.

Namba hiyo ndiyo ileile wateja wanayolipia mapazia.

"Simu ni simu," anasema. "Ndugu yako yuko kitandani anahema kwa shida, wewe utakaa uanze kufikiria hii laini ya biashara, hii laini ya ukoo? Mimi nilikuwa nahesabu kama pesa zimetosha."

Zilitosha. Zilifika milioni sita, zikaenda hospitali zote, na kaka akapona. Watu wakashukuru Mungu wakasahau.

Ulipofika wakati wa kuwasilisha ritani, yaani ile hesabu ya mapato ya mwaka mzima, Mama Mapazia alifanya kama wanavyofanya wengi wenye vibanda. Alikwenda kwa dada wa steshenari, yule anayetoa nakala na kupiga picha za pasipoti, akampa elfu kumi na karatasi za miamala ya simu. Dada wa watu akajumlisha kila kilichoingia, akakijaza kwenye fomu kama mauzo, akabonyeza, akamtakia siku njema. Hakukosea kujumlisha hata kidogo. Hakuuliza tu hizo pesa ni za nini, na mwenyewe naye hakusema, maana hakujua kama kuna la kusema.

Hivyo mbele ya ofisi ya kodi, mshona mapazia anayeuza kama milioni nane kwa mwaka akawa ameuza kumi na nne. Akaandikiwa kodi ya laki tisa. Katika mwezi mzuri, baada ya kitambaa, reli na pango, kinachobaki mkononi mwake ni laki mbili. Na bila cheti cha kutodaiwa kodi hakuna leseni, na bila leseni kibanda kinapigwa kufuli.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Huyu walimchumia wa kwao, akaachwa ale peke yake.

Ofisini hakutukanwa, hilo analisema kwa haki. Afisa alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia ana siku thelathini za kuweka pingamizi lenye ushahidi, na akamshauri kama mtoto anayemshauri mama yake: atafute mhasibu, hili si la steshenari tena.

Mhasibu aliyempata ni mwanamke wa rika la mwanawe wa kwanza, mwenye chumba juu ya duka la viatu. Ngazi ni za chuma na zinatikisika. Ndani kuna meza moja, feni isiyozunguka, na mafaili yaliyopangwa sakafuni mpaka mgeni hana pa kuweka miguu. Alizisoma zile karatasi, akataja ada yake: laki nne.

Mama Mapazia anasema alidhani amesikia vibaya. Alikuwa na laki nne kweli, lakini zilikuwa za mashine ya ovaloki, ile inayofunga kingo za kitambaa zisifumuke, aliyokuwa akiiwekea akiba kidogo kidogo mwaka wa pili sasa. Akaanza kuomba apunguziwe kama anavyoombwa yeye kila siku. Akamuuliza mbona jirani yake, muuza ndoo, alitozwa elfu sabini tu kwa mhasibu huyohuyo.

"Mama, yule ana ndoo tu," mhasibu akamjibu. "Wewe una mapazia, na una ukoo. Ya mapazia ningekufanyia kwa elfu sabini hizohizo. Hizo nyingine zote ni za ukoo wako."

Nilimfuata mhasibu huyo nimsikie upande wake. Hakuonekana kunenepa kwa pesa za watu. Alinieleza kwamba kazi ya aina hii inamlia wiki tatu: kuchambua muamala mmoja mmoja, kutenganisha pazia na mchango, kuandika pingamizi, kisha kusimama mbele ya afisa na kulitetea. Akikosea, ni jina lake na leseni yake. Alisema watu humjia wakiwa wameshaungua, halafu wanashangaa bei ya dawa. Alilisema bila kucheka, akafungua faili lingine.

Kwa hiyo ovaloki ikaondoka. Na hata baada ya kulipwa, mhasibu alihitaji kitu ambacho hakuna ada inayoweza kukinunua: barua fupi yenye sahihi kutoka kwa kila aliyechanga kiasi kikubwa, akikiri kwamba zilikuwa za matibabu. Watu kumi na tisa. Mama Mapazia akafunga kibanda nusu siku kila siku, akaanza kuzunguka kama pia.

Hapo ndipo anapocheka kidogo, cheko la uchovu. Kila aliyemwona akija alijua anakuja kuchangisha tena. Simu zikazimwa. Wifi yake mmoja alimpokea na kikombe cha chai na hadithi ndefu ya madeni kabla hajaulizwa lolote. Shemeji yake, fundi wa magari, alipomwona tu kwenye kona alijiingiza chini ya gari ambalo, kwa maelezo ya mwenye gari, halikuwa na ubovu wowote. Mama Mapazia akachutama pembeni ya tairi, akamsomea barua huko huko chini, na sahihi ikatoka na alama za grisi.

Aliyemshinda ni binamu yao mwenye malori. Peke yake alikuwa ametoa milioni moja na nusu, na mhasibu alikuwa amesema wazi kwamba bila yeye pingamizi linachechemea. Binamu hakuwa na ubaya. Alikuwa na hofu. Akitia sahihi kwamba alitoa pesa zote hizo, si watamuuliza naye alizitoa wapi? Mama Mapazia alikwenda mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara ya tatu hakufunguliwa geti. Alirudi kibandani akakaa kwenye kiti cha wateja, akalia mpaka akachoka kulia. Zilikuwa zimebaki siku nne.

Habari zikamfikia kaka. Tangu atoke hospitali, mzee huyo hatembei umbali wa nyumba tatu bila kupumzika, na alikuwa amefichwa jambo hili lote asije akashtuka moyo. Alikasirika kwa kufichwa kuliko alivyokasirikia kodi. Akakodi gari, akaenda mwenyewe mpaka kwenye geti la binamu, akaketi juu ya ndoo ya mlinzi kungoja. Binamu alipotoka, mzee hakuamkia wala hakuamkiwa.

"Mlinichangia nikapona," akamwambia. "Sasa mgonjwa ni dada yangu, na dawa yake ni sahihi yako tu. Ukiniona mimi nina thamani kuliko yeye, nirudishie maradhi yangu."

Binamu aliingia ndani, akatoka na kalamu. Baadaye akampigia simu mhasibu yuleyule na kuomba miadi ya hesabu za malori yake. Mhasibu hakuniambia alimtajia bei gani.

Majibu yametoka mwezi huu. Pingamizi limekubaliwa, kodi imeshuka kutoka laki tisa mpaka mbili, ambazo ndizo alizostahili tangu mwanzo. Leseni iko ukutani, bado ina harufu ya wino. Nikamuuliza kama ameona faida.

"Nimelipa laki nne ili nisilipe saba zisizo zangu," anasema, akizifunga kingo za pazia la kijani kwa sindano ya mkono, kazi ambayo ovaloki ingeimaliza kwa dakika. "Kama hiyo ni faida, basi nimefaidi. Mgongo wangu haujaambiwa bado."

Jumapili iliyopita ukoo ulikutana tena sebuleni kwa kaka. Madaktari wanataka arudi kwenye meza ya upasuaji kabla mwaka haujaisha. Ahadi zilitolewa upesi, hata na binamu wa malori. Lilipokuja lile swali la pesa apelekewe nani, watu wazima wote waliinamisha vichwa. Mmoja akasema simu yake mbovu. Mwingine akasema yeye ni mtu wa safari. Kaka mwenyewe akaanza kusema kwamba si lazima, anaweza kuishi hivihivi.

Mama Mapazia anasema hata yeye aliinama, na alitamani kubaki ameinama. Kisha akawaambia wazilete kwake. Atasajili laini mpya isiyohusiana na kibanda, kila atakayechanga aandike palepale zinakwenda wapi, na mhasibu alipwe mwanzoni kabla ya daktari. Hakuna aliyebisha.

Nikamuuliza kwa nini, baada ya yote aliyoyaona.

"Nimechoka, mwanangu, sikufichi," anasema, macho yakiwa kwenye sindano. "Lakini tungefanyaje? Tumwache ndugu yetu afe kwa sababu tumeogopa fomu?"