Mkanda Mmoja

Mwaka tuliokula mahindi ya njano, yale ya msaada, ugali wake watoto wakauita chakula cha punda, ndio mwaka sisi akina mama tulichimba mfereji. Tulichimba kwa majembe kutoka pale kijito kinapoanguka mlimani hadi kwa kibanda cha mashine. Wanaume walikuja kutazama. "Maji yasage unga?" walicheka. "Basi samaki nao wapike."

Kabla ya hapo tulibeba mahindi kichwani hadi Katito, kwa poshomili, kinu cha kusagia cha dizeli. Dizeli ikikosekana, unarudi na mahindi yako vile vile, na nyumbani wanatazama sufuria.

Mavuno yaliyofuata yalikuwa meupe, na mashine ikawa tayari. Maji yanashuka kwa paipu, yanapiga gurudumu la chuma, gurudumu linavuta mkanda. Mkanda ni mmoja. Ukiufunga kwa kinu, unasaga. Ukiuhamisha kwa jenereta, taa zinawaka. Vyote pamoja, hapana. Mchana tulipanga uwe unga, jioni taa. Wajukuu wangu wote wamesoma kwa taa hizo, na mmoja sasa ni fundi wa stima. Mkanda nilipewa mimi niushike.

Siku ya kufungua mashine, mheshimiwa mbunge alialikwa, na wanaume wale wale waliocheka walitundika balbu kila mahali. Foleni ya akina mama ilifika barabarani. Jua la saa sita linachoma, mwenyekiti wa kamati akaja mbio, tai imemkaba.

"Mama, simamisha kinu! Mheshimiwa anataka kuona taa."

"Kwani jua hulioni?"

"Mama, usituaibishe mbele ya mgeni!"

"Sisimamishi mpaka debe la mwisho lisagwe."

Akaenda, akarudi na mheshimiwa mwenyewe. Akina mama wa foleni wakashika madebe yao. Nilijua wanachoogopa: leo tukimpisha mgeni, kesho tutapisha redio ya baa, keshokutwa tuko njia ya Katito na mizigo kichwani. Mheshimiwa akanipa mkono. Wangu ulikuwa mweupe kwa unga, akaushika hivyo hivyo.

"Hata mimi nikikuomba, mama?"

"Wewe leo utakula ugali?"

"Nitakula sana."

"Unga wako uko kwa foleni. Debe lile la nyuma kabisa."

Vigelegele vilipasuka hadi barabarani. Mheshimiwa akacheka, akavua koti, akaenda kusimama karibu na debe lake. Mwenyekiti akabaki ananionyesha balbu.

"Dakika tano tu, mama yangu."

"Sisimamishi mpaka debe la mwisho lisagwe."