Mstari Mweupe wa Ubavuni

Wateja walimpachika kinyozi huyu jina la Rula, kwa sababu akikuchonga nywele za kwenye paji la uso, hata seremala angeuonea wivu ule ukingo. Jina lilimvimbisha kichwa, tusifichane. Kwa wembe hakuwa na mpinzani mtaa mzima, na hilo alikwambia mwenyewe kabla hujamuuliza.

Siku za mapumziko alijifungia chumbani na gari lake. Lilikuwa gari dogo la chuma la kuunganisha, toleo la zamani, alilolinunua kwenye meza ya mitumba likiwa bado vipande vipande ndani ya boksi lililopauka. Mkewe alimtania kwamba mtu mzima na ndevu zake bado anacheza na vigari. Rula hakujali. Aliipiga bodi msasa, akasawazisha kingo kwa tupa, akapaka rangi nyekundu tabaka jembamba juu ya jingine, akafunga magurudumu. Kilichobaki ni mstari mweupe wa ubavuni. Stika yake ilikuwa imezeeka mno, ilipoguswa na maji ikasambaratika, basi ikabidi auchore kwa mkono.

Mstari ukatoka na mawimbi. Akaufuta, akailaumu rangi kwamba ni nzito, akaizimua. Ukatoka vilevile. Akailaumu brashi, akanunua nyingine. Akakilaumu hadi kiti. Na kila alipoufuta, alikumbuka kwamba juzijuzi alikuwa amemkata mteja chini ya sikio. Mkwaruzo tu, na mteja mwenyewe alicheka akasema Rula anazeeka. Rula naye alicheka. Tangu hapo, kila alipomwinamia mtu kooni, aliutazama kwanza mkono wake. Hakumwambia yeyote. Alijiambia tu kwamba siku mstari ukinyooka, atajua mkono ni mzima.

Jumapili alasiri ukapinda tena. Mkewe aliingia kuchukua pasi, akamkuta jasho linamtiririka, akauliza kulikoni. Rula akasema hata hii brashi mpya ni mbovu. Kisha, ili kujipa moyo, akaufuta mstari, akamkabidhi brashi achore yeye. Mtu ambaye hajawahi kushika brashi akiharibu, lawama zitabaki kwa brashi.

Mkewe akaketi, akaivuta brashi taratibu kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma. Mstari ukanyooka.

"Kumbe na mimi ni fundi," alisema kwa furaha, akageuka asifiwe.

Rula alikuwa amejifunika uso. Hofu yote aliyokuwa akiikwepa ilimwangukia kwa mkupuo.

"Mama watoto, mimi naogopa," alisema. "Brashi haina kosa. Ni huu mkono. Iko siku nitamuua mtu pale kwenye kiti."

Furaha ikamwisha mkewe. Akauchukua mkono ule wa kulia, akaufumbata kwa mikono yake miwili, akaubana kwa nguvu zake zote. Ukaendelea kutetemeka humo humo.

"Kesho hufungui duka," alisema. "Tunakwenda hospitali."

Alijiandaa kwa ubishi, maana anamjua mumewe. Rula hakubisha, na hapo ndipo mkewe naye alipoogopa.