Kopo la baa kwenye harusi ya Ufukoni

Saa moja asubuhi, Safina Nachuma amechutama uani kwake, Chikongola mjini Mtwara, akisugua kopo la chuma la kutikisia vinywaji, lisilo na doa hata moja. Alilisugua jana. Analisugua tena.

Juu ya kanga kuukuu vimelala vyombo vingine vya kazi: kipimo cha toti, chujio, kijiko chenye mpini mrefu, mchi mdogo wa kupondea ndimu na koleo la barafu. Kwa miaka kumi na mmoja vimemlisha yeye na wanawe wawili, akichanganya vinywaji katika baa ya hoteli moja ya Shangani, hapo hapo Mtwara.

"Ukipima kwa macho, leo mteja anakusifu, kesho anakutukana," anasema. "Bila vyombo hivi mimi ni mmiminaji tu."

Leo haviendi baa. Vinakwenda mtaa wa Ufukoni, kwenye harusi, kuchanganya ukwaju, nanasi na tangawizi kwa wageni mia moja na hamsini. Kazi ikikubalika, Safina ataaga baa mwisho wa mwezi. Ikikataliwa, Jumatatu yuko kaunta kama kawaida.

Amechoka. Ana miaka thelathini na saba, na miguu inavimba kwa kusimama saa kumi na mbili kwa siku, kwa mshahara wa shilingi laki moja na themanini elfu. Lakini kinachomchosha zaidi ni harufu.

"Nikirudi nyumbani naoga kwanza ndipo nimshike mtoto. Pombe sijawahi kuonja. Ila harufu haiulizi nani kanywa, nani kamimina."

Mwezi uliopita alikosa shughuli mbili kwa swali lile lile la akina mama wa jikoni: vyombo hivi si vimeshika pombe? Alikwenda kwa sheikh wa mtaa, akaambiwa chuma kikioshwa vizuri kimetwaharika.

"Nikawaeleza akina mama kwa furaha. Wakanijibu, 'Kwani sheikh ndiye anayekaa jikoni?' Basi ndiyo hivyo. Dini imeruhusu, mashangazi bado."

Kopo jipya na vifaa vyake ni vya kuagiza Dar es Salaam, kwa karibu nusu ya mshahara wake. Fredi, mwenzake wa kaunta, alimpa njia ya mkato: "Dada, sema ni jipya. Nani atajua?"

Safina alikataa. "Naiacha baa nitafute halali. Nianze na uongo?"

Saa nne anafika Ufukoni. Hajamaliza kufungua kanga yenye vyombo, Bi Somoe, shangazi wa bibi harusi, anamsimamia kichwani. Analichukua kopo, analigeuza, analinusa.

"Mwanangu, hili la baa?"

Safina anatazama chini. "La baa, shangazi."

Mwanamke mmoja anayemenya vitunguu jikoni anaangua kicheko. "Loo! Leo bibi harusi atayumba kabla ya ngoma!"

Bi Somoe hacheki. "Nilishauliza habari zako tangu juzi. Ungeniambia jipya, ungerudi kwenu na kanga yako."

Anaagiza majivu na ndimu. Anaketi kwenye kibao, anakunja mikono ya gauni na kulisugua kopo mwenyewe, polepole, kila mtu akiona. Analisuuza mara tatu, kisha chujio, kipimo na vilivyobaki.

"Haya, changanya. Ya kwanza niletee mimi."

Safina anapima, anatikisa, anachuja. Bi Somoe anakunywa bilauri nzima mbele ya wenziwe, anajifuta mdomo.

"Sukari umetupa nyingi. Punguza." Anawageukia. "Mnangoja nini?"

Wanakuja, mmoja mmoja. Si wote. Hadi alasiri, wanawake waliokaa kwenye mikeka miwili wamekunywa maji matupu, na mmoja anasema kwa sauti kwamba yeye hababaishwi na majivu.

Safina amemsikia. Anaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kunyoosha miguu. Kila shughuli, anasema, ataomba mwenye nyumba amteue shangazi mmoja wa kuosha na kuonja mbele za watu. Watu wa Mikindani wameshamuuliza tarehe aliyo na nafasi.

"Jumatatu nampelekea meneja barua ya kuacha kazi," anasema huku akijikanda vifundo. "Nikisubiri wote wakubali kwanza, nitazeekea kaunta."